Elimu ya Afya ya Uzazi Shuleni: Kipi Kipimwe?

Katika kubalehe mwili wa kijana hutangulia busara yake. Ndiyo maana nchi nyingi zimeingiza elimu ya afya ya uzazi katika madarasa ya juu ya shule za msingi. Je, elimu hiyo hupunguza mimba na maambukizo, ama huongeza maarifa tu?

Jambo hilo lilijaribiwa mkoani Mwanza kuanzia mwaka 1999, katika mpango ulioitwa MEMA kwa Vijana. Jamii 20 ziligawanywa kwa kura: 10 zilipata mpango, na 10 zilikuwa za kulinganishia. Walimu waliopewa mafunzo, wakisaidiwa na baadhi ya wanafunzi, walifundisha darasa la tano hadi la saba, na zahanati ziliandaliwa kuwapokea vijana. Watafiti hawakuridhika na majibu ya dodoso, kwani aghalabu kijana husema lile analodhani mwulizaji anataka kulisikia. Walipima damu na mimba pia. Kufikia mwaka 2002 maarifa yalikuwa yameongezeka waziwazi. Lakini virusi vya UKIMWI, malengelenge ya sehemu za siri na mimba havikupungua. Uchunguzi wa mwaka 2007 na 2008, uliohusisha vijana 13,814, ulionyesha vilevile kwamba maambukizo hayakupungua.

Wapo watakaosema kwamba basi kufundisha ni kazi bure. Hoja hiyo ina haraka mno. Magharibi ya Kenya, mwaka 2004, mtafiti Pascaline Dupas alichagua kwa kura shule 71 kati ya 328. Mtumishi wa mradi aliendesha kipindi kimoja tu cha dakika 40 katika darasa la nane. Hakuhubiri, aliwaonyesha wanafunzi viwango vya maambukizo mjini Kisumu kwa umri na kwa jinsia. Wasichana waliona kwamba wanaume watu wazima wameambukizwa zaidi sana kuliko wavulana wa rika lao. Sababu yake ni nyepesi: virusi hivyo haviondoki mwilini, kwa hiyo kadiri miaka inavyopita, walioambukizwa katika rika moja huzidi kulimbikizana.

Katika mwaka uliofuata, mimba zilikuwa pungufu kwa asilimia 28 katika shule hizo, na zilizotokana na wanaume watu wazima kwa asilimia 61. Katika eneo hilohilo, kuwafunza walimu mtaala wa taifa, uliosisitiza kujizuia hadi ndoa, hakukupunguza mimba.

Yaelekea tofauti imo katika aina ya habari. Msichana anayeambiwa "kataa" huachwa peke yake mbele ya mtu mzima mwenye fedha, ambaye hakuwamo darasani. Anayejua ni nani mwenye hatari zaidi ana jambo la kupimia. Hata hivyo kipimo cha Dupas kilikuwa mimba, wala si damu, na kwa hiyo hakiwezi kulinganishwa moja kwa moja na kile cha Mwanza.