Ulinganisho wa thamani ya lishe ya embe na mchicha

Embe na mchicha ni vyakula viwili vya mimea vinavyoliwa sana katika Mkoa wa Mara, kaskazini mwa Tanzania, wakiwemo wakazi wa Musoma, Bunda na Butiama. Embe ni tunda la mwembe (Mangifera indica), mti wenye asili ya Asia Kusini. Mchicha ni mboga ya majani inayotokana na mimea ya jenasi Amaranthus. Vyote viwili huhesabiwa kuwa vyakula vya kulinda mwili, lakini virutubishi vyake havifanani, na kimoja hakiwezi kuchukua nafasi ya kingine.

Tofauti ya tunda na mboga

Katika elimu ya mimea, tunda ni sehemu inayotokana na ua na kubeba mbegu. Kwa maana hiyo nyanya, bamia na boga ni matunda. Jikoni maana ni nyingine: mboga ni chakula kinachopikwa na kuliwa pamoja na ugali, wali au ndizi, na tunda huliwa bila kupikwa. Embe na mchicha havina utata huo: embe ni tunda kwa maana zote mbili, na mchicha ni majani.

Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha tofauti ya lishe. Tunda linapoiva hujaa sukari, ambayo huwavutia wanyama wanaosambaza mbegu. Jani ni mahali ambapo mmea hutengeneza chakula chake kwa kutumia mwanga wa jua. Kazi hiyo inahitaji protini na madini, hasa magnesi na chuma, kwa hiyo majani huwa na madini mengi na sukari kidogo.

Takwimu

Jedwali lifuatalo linaonyesha makadirio ya virutubishi katika gramu 100 za nyama ya embe bivu na gramu 100 za mchicha uliochemshwa na kuchujwa maji, kwa mujibu wa takwimu za Idara ya Kilimo ya Marekani. Kiasi halisi hubadilika kulingana na aina, udongo na namna ya kuhifadhi.

| Kirutubishi | Embe bivu | Mchicha uliochemshwa |
|---|---|---|
| Nishati | kilokalori 60 | kilokalori 21 |
| Wanga | gramu 15 | gramu 4 |
| Protini | gramu 0.8 | gramu 2.1 |
| Kalisi | miligramu 11 | miligramu 209 |
| Chuma | miligramu 0.2 | miligramu 2.3 |
| Vitamini C | miligramu 36 | miligramu 41 |
| Vitamini A | mikrogramu 54 | mikrogramu 139 |
| Foleti | mikrogramu 43 | mikrogramu 57 |

Kwa jedwali hilo mchicha una kalisi takriban mara 19 ya ile ya embe, chuma zaidi ya mara 10, na vitamini A zaidi ya mara mbili. Embe lina nishati karibu mara tatu ya mchicha, na nyingi kati yake hutokana na sukari.

Vitamini A

Mimea haina vitamini A yenyewe. Ina betakarotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Rangi ya manjano ya embe bivu hutokana na jamii hiyo ya kemikali. Katika mchicha rangi hiyo ipo pia, ila imefunikwa na kijani. Ndiyo maana wengi hudhani embe lina vitamini A nyingi kuliko mchicha, ilhali ni kinyume.

Betakarotini huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Mchicha uliochemshwa bila mafuta yoyote huupa mwili sehemu ndogo tu ya betakarotini iliyomo. Kijiko cha mafuta ya kupikia au karanga zilizotwangwa huongeza kiasi kinachofyonzwa. Upungufu mkubwa wa vitamini A huleta ukavu wa macho, kushindwa kuona gizani na hata upofu, hasa kwa watoto wadogo.

Vitamini C na chuma

Upungufu wa damu ni tatizo kubwa nchini Tanzania. Utafiti wa kitaifa wa afya wa miaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu, na asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa.

Mchicha husaidia, lakini peke yake hautoshi. Chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida kuliko kile cha nyama na samaki, na mchicha una pia oksalati, ambayo hushika sehemu ya madini yake. Zaidi ya hayo, mjamzito huhitaji takriban miligramu 27 za chuma kwa siku, na gramu 100 za mchicha hutoa chini ya sehemu moja ya kumi ya kiasi hicho.

Hapo ndipo embe linapokuwa na faida ambayo jedwali halionyeshi. Vitamini C husaidia mwili kufyonza chuma cha mimea, iwapo viwili hivyo vinaliwa katika mlo mmoja. Vitamini C ya mchicha huharibika kwa moto na kupotea katika maji yanayomwagwa, hasa ukipikwa muda mrefu au kupashwa tena. Embe haliwekwi motoni, kwa hiyo vitamini yake hubaki. Dagaa na samaki wa Ziwa Viktoria wakiliwa pamoja na mchicha husaidia pia. Chai inayonywewa wakati wa kula hufanya kinyume: huzuia chuma kufyonzwa.

Hata hivyo, malaria, minyoo na kichocho nayo huleta upungufu wa damu. Mgonjwa anahitaji kupimwa na kutibiwa. Chakula hakichukui nafasi ya dawa, wala ya vidonge vya chuma na asidi ya foliki anavyopewa mjamzito kliniki.

Matayarisho na msimu

Mchicha huoshwa kwa maji safi kabla ya kukatwa, kwa kuwa ukikatwa kwanza vitamini nyingi hutoka na maji. Hupikwa kwa muda mfupi. Embe huoshwa pia kabla ya kumenywa. Likiliwa zima hutoa nyuzinyuzi ambazo hupungua katika juisi iliyochujwa. Mwenye kisukari anapaswa kupima kiasi cha embe anachokula, kwa sababu ya sukari yake.

Maembe hupatikana kwa msimu, ilhali mchicha huvunwa wiki chache tu baada ya kupandwa na unaweza kumwagiliwa wakati wa kiangazi. Msimu wa maembe ukiisha, papai, pera au chungwa linaweza kuchukua nafasi yake kama chanzo cha vitamini C. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, vyote viwili kwa pamoja.