Jengo la wakimbizi: kuta zilibaki, washirika walihama

Sisi wa Kongo ya mashariki tunajua uchungu wa kuacha kanisa nyuma na kuanza tena ugenini. Ndiyo maana tunalitazama jengo moja la London, kwenye kona ya Fournier Street na Brick Lane.

Mwaka 1685 mfalme Louis XIV wa Ufaransa alifuta Amri ya Nantes, iliyokuwa imewapa Waprotestanti ruhusa ya kuabudu. Maelfu wakakimbia. Wengi walifika mtaa wa Spitalfields, wakaishi kwa kufuma hariri. Mwaka 1743 kanisa hili likajengwa kwa ajili yao. Ni la matofali, halina sanamu. Madirisha ni makubwa ili nuru iingie, na ndani palikuwa ukumbi mmoja wenye roshani, ili watu wengi walisikie Neno kwa Kifaransa.

Lakini wajukuu wao walizoea Kiingereza, wakaenda kukaa mitaa mingine. Ushirika ukapungua polepole, bila vita wala mfalme wa kuwafukuza. Mwaka 1809 jengo lilichukuliwa na shirika lililowahubiri Wayahudi Injili. Mwaka 1819 likawa la Wamethodisti. Mwaka 1898 Wayahudi waliotoka Urusi na nchi jirani walilifanya sinagogi. Nao walipohama mtaa, wakaja Waislamu wa Bangladesh, na tangu 1976 ni msikiti.

Ukumbi ule uliwafaa wote kwa sababu ulikuwa mahali pa kukusanyika, kusikiliza na kuomba. Kila kundi lilileta vyombo vyake vya ibada ndani ya kuta zile zile.

Juu ukutani kuna saa ya jua ya mwaka 1743, yenye maneno ya Kilatini yanayosema kwamba sisi ni kivuli. Mfalme Daudi alikiri jambo hilo hilo alipopokea matoleo ya kujenga hekalu: watu wake ni wageni mbele za Mungu, na siku zao ni kama kivuli (1 Mambo ya Nyakati 29:15).

Tunapochanga mabati na saruji, tunafanya vema. Lakini wenzetu wengi sasa wanaabudu kwa Kiswahili huko Uganda na Burundi, na watoto wao wanakua na lugha nyingine. Hata huku kwetu wako vijana ambao mahubiri yanawapita. Wazee wa kanisa, kabla ya kuhesabu matofali, tumuulize mtoto aliyeketi nyuma kama ameelewa.