Nyekundu, Njano na Buluu Hazitoshi

Swali ambalo wanafunzi wa uchoraji hawachoki kuliuliza, na ambalo baadhi ya walimu wao hulijibu badala ya kulikataa, ni nyekundu ipi, njano ipi na buluu ipi zinunuliwe ili kwa hizo tatu zipatikane rangi zote nyingine. Hazipo. Jacob Christoph Le Blon, aliyechapa picha kwa rangi hizo tatu mwanzoni mwa karne ya 18, mara nyingine aliongeza bamba la nne la wino mweusi, na mitambo ya leo, ambayo imeziacha nyekundu na buluu na kuchukua majenta na siani, nayo huongeza nyeusi, ilhali chungwa kali huhitaji wino wake wa pekee.

Sababu imo katika pigmenti, yaani unga unaoipa rangi sura yake, ambao humeza sehemu ya nuru na kurudisha iliyobaki, hivyo kila unga usio mweupe unapoongezwa, kwa kawaida nuru inayorudi machoni hupungua. Nyekundu ya kadimi huelekea chungwa na humeza karibu nuru yote ya buluu. Ikichanganywa na altramarini, ambayo ni buluu inayoelekea zambarau, hutoka kitu kizito chenye sura ya kutu, na mwanafunzi hulaumiwa kwamba hajui kuchanganya, ingawa mkono wake hauna kosa lolote. Altramarini ileile ikikutanishwa na majenta ya kwinakridoni, ambayo hurudisha nyekundu pamoja na buluu, zambarau hutoka safi mara moja. Kwa hiyo jina "nyekundu" kwenye tyubu halimwambii mnunuzi kitu cha maana. Kinachomwambia ni msimbo wa pigmenti ulioandikwa ubavuni kwa herufi ndogo, na tyubu yenye misimbo mitatu ni mchanganyiko uliokwisha kufanywa kiwandani, ambao ukichanganywa tena huelekea tope.

Kwa vitendo, kibao kinachofaa ni cha rangi mbilimbili: njano ya ndimu (PY3) na njano nzito (PY65), nyekundu ya kadimi (PR108) na majenta (PR122), altramarini (PB29) na buluu ya thalo inayoelekea kijani (PB15:3). Siena iliyochomwa (PBr7) huongezwa kwa sababu pamoja na altramarini hutoa kijivu na weusi wa kutosha, na nyeupe ya titani (PW6) hununuliwa kwa tyubu kubwa, isipokuwa kwa rangi ya maji, ambapo karatasi yenyewe ndiyo nyeupe. Mwenye fedha chache aanze na ndimu, majenta, thalo, altramarini na nyeupe. Anayetumia rangi za mafuta za makopo, kama wachoraji wa Tingatinga wa Dar es Salaam, na kopo lake halitaji pigmenti, apake tone la mchanganyiko wa kila jozi ya makopo juu ya kipande cha ubao, asubiri likauke, kisha ndipo aamue kopo la kurudia kununua.