Kijana Anasoma Biolojia kwa Simu: Ajue Pa Kuchota Maji Safi

Katika ukurasa huu mmezoea kusoma habari za malaria, za lishe ya watoto na za shinikizo la damu. Safari hii nataka tuzungumzie jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la shule, kumbe ni la afya, na hata la ndoa. Nalo ni hili: watoto wetu wanaposomea biolojia katika intaneti, wanasoma kutoka kwa nani?

Siku moja, baada ya zamu ya asubuhi, baba mmoja alinijia wodini akiwa na karatasi tatu mkononi. Akasema, "Mama, naomba unisomee hizi. Utakalosema nitalikubali." Kadi yake, aliyopewa alipochangia damu, ilionyesha kundi A. Kadi ya kliniki ya mkewe ilionyesha kundi B. Karatasi ya binti yao, aliyepimwa kabla ya upasuaji mdogo, ilionyesha kundi O.

Binti huyo yuko kidato cha nne. Alikuwa akijisomea somo la urithi kwa simu ya baba yake, akakuta maelezo yanayosema kwamba mtoto lazima awe na kundi la damu la baba au la mama. Akauliza mezani kwa moyo mweupe, "Baba, mbona mimi ni O?" Tangu jioni ile baba hakugusa chakula cha mkewe. Mama alikwisha kufunga mizigo arudi kwao.

Maelezo yale hayakuwa ya kweli. Sentensi moja tu ya mtu asiyejulikana ilitaka kuvunja nyumba iliyofungishwa ndoa mbele ya altare.

UKWELI KUHUSU KUNDI LA DAMU

Makundi ya damu yaligunduliwa na daktari Karl Landsteiner mjini Vienna, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1901. Mwaka 1924 Mjerumani mmoja, Felix Bernstein, ambaye alikuwa mtaalamu wa hesabu, alieleza namna makundi hayo yanavyorithiwa.

Kila mtu hubeba jeni mbili za kundi lake la damu, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Jeni za A na B huonekana. Jeni ya O hujificha ikikaa pamoja na A au B. Kwa hiyo mtu mwenye kundi A anaweza kuwa amebeba A na A, au A na O. Kipimo cha kawaida cha hospitali hakitofautishi hao wawili. Wote huandikiwa A tu. Ni vivyo hivyo kwa mwenye kundi B.

Sasa tuchukue baba aliyebeba A na O, na mama aliyebeba B na O. Mtoto akipata A ya baba na B ya mama, atakuwa AB. Akipata A ya baba na O ya mama, atakuwa A. Akipata O ya baba na B ya mama, atakuwa B. Akipata O kwa wote wawili, atakuwa O. Katika kila mimba, kila moja ya hali hizo nne ina nafasi moja kati ya nne. Basi mtoto wa wazazi hao anaweza kuwa O au AB, yaani kundi ambalo baba hana na mama hana, na bado ni mtoto wao halali.

Nilimchorea baba yule mraba wenye vyumba vinne nyuma ya karatasi. Aliutazama kwa muda mrefu bila kusema neno.

Tena ieleweke kwamba kundi la damu peke yake si ushahidi wa kumtuhumu mtu. Kadi huweza kuandikwa kwa makosa, na ziko hali za nadra ambazo hazifuati mraba wetu. Kipimo kinachotambua uzazi ni cha vinasaba, ambacho hapa Tanzania kinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya mwaka 2009.

Inafaa pia Wakatoliki tujue kwamba msingi wa elimu hii uliwekwa na mtawa wa Kanisa letu. Gregor Mendel, wa Shirika la Mtakatifu Agustino, alipanda njegere katika bustani ya monasteri ya Brno, akazihesabu kizazi baada ya kizazi, na mwaka 1866 akachapisha matokeo yake. Alihesabu maelfu ya mimea kabla ya kutamka neno. Laiti wanaoandika katika simu wangekuwa na subira hiyo!

MASWALI MANNE YA KUULIZA

Nilimwomba baba anionyeshe maelezo aliyosoma binti. Tulitafuta jina la mwandishi, halikuwapo. Tulitafuta tarehe, haikuwapo. Chini yake palikuwa na tangazo la dawa ya nguvu za kiume. Hapo hapo baba akatikisa kichwa.

Kwa hiyo kabla kijana hajanakili kitu katika daftari lake, aulize maswali haya:

Kwanza, nani ameandika? Je, ni chuo, wizara, taasisi au mwalimu anayejitaja? Mwisho wa anwani nao husaidia: go.tz ni ya serikali ya Tanzania, na ac.tz ni ya vyuo na taasisi za elimu. Lakini anwani inayoishia na org huweza kuchukuliwa na mtu yeyote, kwa hiyo hiyo peke yake isitutulize.

Pili, anauza nini? Anayekufundisha kazi ya figo na papo hapo anakuuzia dawa ya kusafisha figo, huyo ni mchuuzi.

Tatu, iliandikwa lini? Habari za muundo wa seli hazibadiliki kila mwaka, lakini habari za chanjo na matibabu hubadilika.

Nne, je, mwingine asiyehusiana naye anasema hivyo hivyo? Asiridhike na chanzo kimoja. Alinganishe na kitabu cha shule, kisha amwulize mwalimu. Watu kumi waliotumiana ujumbe ule ule katika WhatsApp wanahesabiwa kuwa chanzo kimoja tu.

MAHALI PANAPOAMINIKA

Zifuatazo ni sehemu zinazosomwa bila malipo, ila gharama ya bando.

Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Mwanafunzi aanzie hapo, kwa sababu ndivyo vinavyofuata mtaala wake.

Baraza la Mitihani la Tanzania huweka katika tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Humo wanaeleza swali lilitaka nini na wengi walikosea wapi. Wanafunzi wengi hawajui kwamba hazina hii ipo.

OpenStax ni kazi ya Chuo Kikuu cha Rice huko Marekani. Vitabu vyake vimeandikwa na kuhakikiwa na walimu wa vyuo, na kijana anaweza kuvipakua vizima akavisoma baadaye bila bando. Kitabu chao kiitwacho Concepts of Biology ndicho chepesi zaidi kwa anayeanza.

Khan Academy, iliyoanzishwa na Salman Khan huko Marekani, ina masomo mafupi ya video pamoja na mazoezi ya kujipima.

Kwa mambo ya mwili na magonjwa, Shirika la Afya Duniani na MedlinePlus, ambayo ni ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, huandika kwa lugha ya kueleweka.

Wikipedia nayo inafaa kwa kuanzia. Kwa kuwa watu wengi huiandika, kijana ashuke hadi chini kwenye orodha ya vyanzo, aone habari imetoka wapi. Iko pia programu iitwayo Kiwix, inayowezesha kuisoma Wikipedia bila intaneti kabisa. Shule au parokia yenye kompyuta moja inaweza kuiweka mara moja ikatumiwa na wengi.

Siku hizi vijana huuliza pia programu za akili mnemba. Hizo hujibu haraka na kwa lugha nzuri, lakini huweza kukosea kwa sauti ile ile ya uhakika. Zitumike kama rafiki wa kujadiliana naye, kisha jibu lihakikiwe kitabuni.

KAZI YA WAZAZI

Mzazi atasema, "Mimi niliishia darasa la saba, nitamsaidiaje?" Unaweza sana. Vitabu hivi vingi ni vya Kiingereza. Mwambie mwanao akueleze kwa Kiswahili alichosoma: moyo unasukumaje damu, mbu anaambukizaje malaria. Akishindwa kukueleza, hajaelewa bado; arudi kusoma. Akishaeleza, mwulize, "Nani amesema hivyo?" Swali hilo halihitaji cheti.

Tena, mtoto akileta habari inayogusa afya ya familia, usimkaripie kwa kuuliza, wala usikate shauri usiku huo huo. Njooni hospitalini au zahanati. Nimeona mama aliyeacha kumpa mtoto wake mwenye selimundu dawa zake kwa sababu ya ujumbe wa simu. Nimeona pia wazazi walioambiwa kwamba, wakishapata mtoto mmoja mwenye ugonjwa huo, watatu wanaofuata watakuwa salama. Si kweli. Wazazi wote wawili wakiwa wamebeba jeni hiyo bila kuugua, nafasi ni moja kati ya nne katika kila mimba, na mimba iliyotangulia haibadilishi chochote kwa inayofuata.

Mwaka 2018 Baba Mtakatifu Fransisko alitoa ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Duniani akizungumzia habari za uongo. Wengi tulidhani ujumbe ule ni wa waandishi wa magazeti. Kumbe unatuhusu hata sisi tunaosoma kwa simu jikoni.

Baba yule aliondoka na karatasi yenye mraba mfukoni. Jumapili iliyofuata niliwaona wote watatu kanisani, benchi moja. Baada ya Misa mama alinishika mkono, hakusema kitu. Binti ndiye aliyesema, "Shikamoo Mama. Baba ameniomba nimfundishe ule mraba, na sasa anawafundisha wenzake katika jumuiya."

Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kabla ya kuamini, na kabla ya kutamka, tuhakikishe kwanza.

Mungu awabariki nyote, na awaangazie wanafunzi wetu.