Fahamu: Kwa nini maendeleo na haki za binadamu havitenganishiki

Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa mradi wa REGROW, wa kukuza utalii kusini mwa Tanzania, ikiwemo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha inayogusa Iringa na Mbeya. Mwaka 2023 wanavijiji, wakiungwa mkono na Oakland Institute ya Marekani, walilalamika kwa Jopo la Ukaguzi la benki hiyo kuhusu tishio la kuhamishwa na madai ya ukatili wa askari wa hifadhi. Aprili 2024 fedha zikasitishwa. Novemba mradi ukafutwa.

Wapo wanaosema watetezi wa haki hukwamisha maendeleo, na kwamba bonde la Ihefu lazima lilindwe, kwani mto Ruaha Mkuu unaotoka humo hulisha mabwawa ya Mtera na Kidatu. Hoja ya maji ni nzito. Lakini mkulima wa mpunga wa wilaya ya Mbarali, Mbeya, anayeogopa kufukuzwa hawezi kuwa mlinzi wa mto. Angesikilizwa mapema, pengine mradi ungenusurika. Haki ni msingi wa maendeleo. Nyumba isiyo na msingi haisimami.