Njia ya Maji Ipimwe Kabla ya Viwanja

Miji mikubwa inapokabiliana na mabadiliko ya tabianchi, aghalabu kazi yake huwa ni kutengua yaliyokwisha kutendeka: kubomoa kilichojengwa mahali pasipostahili, kulipa fidia, kukopa fedha, na kuwahamisha watu waliokwisha kuzaa na kuzika pale walipo. Mji mdogo unaoanza kupanuka haujafika huko, kwa kuwa ardhi yake ya hatari bado haijajengwa, na nafasi hiyo ikipotea hakuna mkopo wa kuirejesha. Isongole, katika wilaya ya Ileje mkoani Songwe, ni mji wa namna hiyo. Na maadamu nafasi yenyewe haidumu, nimeona ni wajibu kuieleza kwa kirefu, kwa ajili ya madiwani na wapimaji, na kwa ajili ya mafundi na wenye viwanja, ambao ndio wanaoujenga mji kwa mikono yao.

Ileje ni nchi ya milima na makorongo, yenye msimu mmoja mrefu wa mvua, tangu Novemba hadi Aprili, na ng'ambo ya mto Songwe ni Malawi, wilaya ya Chitipa. Zamani masika yalikuwa yakiwatenga watu wa huko na wenzao kwa tope. Sasa barabara ya lami kutoka Mpemba, yapata kilomita 50, imeifikia Isongole, na kwa lami hiyo yamekuja malori, maduka, nyumba za wageni na wanunuzi wa viwanja. Anayetaka kujua biashara ya mpakani huukuza mji kwa kasi gani na atazame jirani, Tunduma, ambao sensa ya mwaka 2012 iliuhesabia watu wapatao 97,000, na ile ya 2022 ikawakuta wamezidi 219,000, ilhali mabomba na mitaro haikuongezeka kwa kiasi hicho. Sidai kwamba Isongole itakuwa Tunduma ya pili, lakini mji wa barabarani una desturi yake: nyumba za kwanza hushika kingo za lami, zinazofuata husimama nyuma yake, na barabara ikiwa imepita juu, zile za mwisho, ambazo ni za watu wenye uwezo mdogo zaidi, huteremka ubavuni mpaka zikaingia mle mle maji yanamopita.

Nayo maji hayo hayatakuwa kama yale ambayo wazee wameyazoea. Dunia imepata joto kwa zaidi ya nyuzi moja ya Selsiasi kuliko ilivyokuwa nusu ya pili ya karne ya 19, na kila nyuzi moja inapoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa kadiri ya asilimia 7. Maana yake kwa mkulima na kwa fundi ni kwamba mvua inaweza kuchelewa, ikakatika katikati ya msimu, kisha ikarudi na kumwaga kwa alasiri moja kile ambacho zamani kingenyesha kwa juma zima. Hata jumla ya mwaka, anayeisoma kwenye kipimo huenda asione tofauti kubwa, ilhali kalavati limekwisha kung'olewa. Basi mwenye kupanga mji leo haimtoshi kuuliza mvua ni kiasi gani kwa mwaka, bali sharti aulize ni kiasi gani kwa saa.

Hebu tuanzie nyumbani, kwani gharika ya mji huanzia kwenye paa. Nyumba ya kawaida huko ni ya matofali ya kuchoma, yaliyojengwa kwa udongo, saruji ikiwekwa kwa nje tu pale mwenyewe alipojaliwa, na juu yake mabati yasiyo na gata. Ukiitazama nyumba hiyo baada ya masika mawili utaona chini ya ukingo wa bati mstari uliochimbwa na matone, ulionyooka kama uliopigwa kamba, ukiwa umeufichua msingi na kuuacha udongo ulioshikanisha matofali ukimong'onyoka punje kwa punje. Na mstari huo hauishii pembeni mwa nyumba, bali huteremka uani, hukutana na wa jirani, na wote pamoja huanzisha mfereji ambao mwaka wa tatu mtoto hawezi kuuruka. Paa la mita 8 kwa 9, mvua ya milimita 40 inapolipiga, humwaga karibu lita 2,900, kwa kuwa kila milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Nyumba 500 za namna hiyo humwaga karibu lita milioni moja na nusu, katika muda ambao ardhi yenye miti na majani makavu ingekuwa bado inakunywa taratibu.

Kwa hiyo gata na simtanki, ambavyo watu huviona ni anasa ya mwenye nacho, kwa hakika ni sehemu ya mtaro wa mji. Simtanki la lita 2,000 likiwa tupu mvua inapoanza huyapokea maji mengi ya paa hilo, tena katika dakika zile za mwanzo ambazo ndizo zinazoleta msukosuko, na kesho yake mama wa nyumba hiyo hana haja ya kushuka bondeni na ndoo. Likijaa, ziada ielekezwe kwenye shimo lililojazwa mawe, ili ardhi ipate kunywa. Hapa nitie hadhari moja, kwa sababu nimeona watu wakiambiwa wachimbe mashimo hayo popote: pasichimbwe juu ya ukuta wa udongo uliokatwa, wala kwenye mteremko mkali wenye nyumba chini yake, kwani udongo uliolowa hadi ndani huwa mzito na kupoteza nguvu, na mlima ulioshikiliwa na mizizi kwa karne nzima unaweza kuporomoka usiku mmoja.

Baada ya paa huja kalavati, na hapa ndipo uchumi wa kubana senti unapoleta hasara kubwa kuliko pote. Bomba la milimita 900, kwa mteremko ule ule, hupitisha maji karibu mara tatu ya yale yanayopita katika bomba la milimita 600, ingawa upana umeongezeka kwa nusu tu. Na gharama ya kuchimba, kupanga mawe na kulipa vibarua haizidi kwa mara tatu hata kidogo. Halmashauri inayochagua bomba dogo ili ijenge makalavati mengi hujikuta baada ya miaka michache ikijenga upya yale yale, pamoja na barabara iliyokatika juu yake. Bomba likiwa jembamba, takataka na matawi huliziba mapema, maji hupanda juu ya lami, na lami ikishavukwa na maji mara kadhaa huanza kuliwa kutoka ukingoni. Laiti ningeombwa kuchagua jambo moja la kuandikwa katika kila mkataba wa barabara za mitaa za Isongole, ningechagua upana wa kalavati.

Lakini mabomba na matangi, hata yawe bora namna gani, hayafui dafu ikiwa bonde lenyewe limejengwa. Ushahidi wa jambo hili tunao nchini mwetu. Dar es Salaam haikukosa mipango: ilipata ramani kuu mwaka 1949, nyingine 1968, na nyingine tena 1979, hata hivyo bonde la Msimbazi likajaa nyumba, na mnamo Desemba 2011 mvua ikaua watu zaidi ya 40 katika jiji hilo, na wengi walionusurika wakahamishiwa Mabwepande, mbali na riziki zao. Jangwani, ndani ya bonde hilo hilo, barabara imefungwa kwa mafuriko mara nyingi kuliko mtu anavyoweza kukumbuka, na hata karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa mle bondeni ikafunikwa na maji. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 200 kwa ajili ya kulitengeneza bonde hilo, kuinua daraja na kuwahamisha wakazi. Dola hizo, ambazo watoto wetu watazilipa, ndiyo bei ya bonde moja lililoachwa lijengwe.

Kilichokosekana Dar es Salaam ni mtu au kazi ya kuishikilia ile ardhi iliyotengwa kwenye karatasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na ni sheria njema. Lakini kipande cha ardhi kisicho na kazi, katikati ya mji wenye njaa ya viwanja, hakilindwi na kibao. Ndiyo maana rai yangu ni kwamba kila njia ya maji ya Isongole ipewe kazi isiyoogopa kulowa: hapa bustani ya mboga ya kinamama, pale uwanja wa mpira, kwingine kitalu cha miche ya kahawa au shamba la mianzi, na sehemu zenye chemchemi zipandwe mikuyu badala ya mikaratusi, ambayo hunywa maji kupita kiasi na haistahili kukaa karibu na chanzo. Kigali walifanya jambo la namna hiyo: huko Nyandungu, bonde oevu lililokuwa limechakaa kwa kilimo holela na uchafu, lenye hekta zipatazo 120, lilirudishiwa miti na madimbwi yake, likawekewa njia za kutembea, na tangu mwaka 2022 watu huingia kwa kiingilio. Mvua ikija maji hupumzika mle, yakichujwa na nyasi. Na jua likiwaka watu hupumzika mle mle.

Jambo hili lina upande wa haki ambao haufai kufumbiwa macho. Njia ya maji nayo ina mwenyewe. Aghalabu ni aila iliyoirithi kwa babu, Walambya au Wandali, ambayo ardhi hiyo ndiyo akiba yao yote, na ambayo imemwona jirani wa mgongoni mwa mlima akiuza kwa bei ya lami. Kumwambia mtu huyo kwamba chake hakijengwi, kisha kumwacha mikono mitupu, ni dhuluma, na tena ni njia ya hakika ya kumfanya auze usiku kwa mtu asiyejua kitu. Upimaji wa viwanja kwa ushirika unaweza kuiponya dhuluma hiyo: wenye ardhi wote wa eneo moja waiweke pamoja, mpimaji atoe kwanza njia ya maji na barabara, kisha kilichosalia kigawanywe kwa kadiri ya kile alichoingiza kila mmoja, ili hasara ya korongo isimwangukie mmoja tu ambaye Mungu alimjalia kuzaliwa kando yake. Kazi hiyo huhitaji vikao vingi na subira ya mwenyekiti, lakini ni nafuu mno kuliko mahakama.

Kuhusu nyumba zenyewe nitasema machache. Watu wa pwani, huko Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, walijua kubana vichochoro ili nyumba moja iipe nyingine kivuli. Lakini Ileje ina baridi ya Juni na Julai, na anayeiga pwani huko atatetemeka. Kwa nyumba za Isongole, zilizo kusini ya ikweta kwa kiasi cha nyuzi 9 na nusu, kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, zile fupi zitazame mawio na machweo: jua la Juni, linalopita upande wa kaskazini, litaingia madirishani na kupasha joto, na lile la Desemba, linalopita karibu na utosi, litazuiwa na ukingo wa bati ukiwa mpana. Mpimaji anayeelekeza mitaa yake vizuri humfanyia kila mjenzi hisani hii bila gharama. Kadhalika matofali: tanuri la matofali ya kuchoma hula kuni za miti ile ile iliyoushika mlima, ilhali matofali ya kufungamana, ya udongo na saruji kidogo yaliyoshindiliwa kwa mashine, ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi umeyahimiza kwa miaka mingi, hayahitaji moto wowote.

Na maji yanayoachwa yateremke ovyo kutoka Ileje hayapotei. Huingia Songwe yakiwa na udongo wa mashamba, nao mto huo, unapofika nchi tambarare ya Kyela kabla ya kuingia Ziwa Nyasa, hutua mzigo wake, hufurika, na huhama mkondo, hata mkulima akaamka shamba lake liko ng'ambo, katika nchi ambayo si yake. Tanzania na Malawi zimeunda Kamisheni ya pamoja ya Bonde la Mto Songwe kwa ajili ya mambo hayo, na mabwawa yamekusudiwa. Lakini bwawa linalopokea tope kila masika hujaa tope, kwa hiyo gata la nyumba moja ya Isongole lina hesabu yake katika umri wa bwawa.

Kazi ya kwanza haihitaji mkopo wala mtaalamu kutoka mbali. Kabla ya Novemba ijayo, serikali ya kijiji iwakusanye wazee na vijana wachache, watembee kila korongo kuanzia barabarani hadi mtoni, na kila wazee wanapoafikiana kwamba maji yalifika hapa mwaka fulani, pachimbiwe nguzo ya zege. Masika yakianza, kijana mmoja apewe kopo la rangi na daftari. Kila baada ya mvua kubwa aweke alama nguzoni pale maji yalipofika, na kuandika tarehe na saa. Masika matatu yakipita, mpimaji wa viwanja apewe daftari hilo kabla hajafungua chombo chake, na kiwanja cha kwanza kihesabiwe kuanzia juu ya alama ya juu kuliko zote, kwa kuongeza mita moja kwenda juu.