Anayetaka Kihispania cha Chile na Ashike Mkasi wa Zabibu

Miongoni mwa mambo ambayo yamenitatiza katika miaka yote niliyofundisha isimu ni hali ya mwanafunzi aliyesoma lugha ya kigeni kwa miaka minne, akafaulu kila mtihani, akaweza kuvibadilisha vitenzi kwa nyakati zote zilizomo katika kitabu cha sarufi, lakini siku anapofika katika nchi yenye lugha hiyo akaambiwa aombe koleo, hana la kusema. Si kwamba kijana huyo ni mjinga. La hasha! Lugha aliyofundishwa haikuwa na koleo ndani yake. Ilikuwa na hoteli, uwanja wa ndege na familia ya kubuni ambayo kila asubuhi huulizana hali ya hewa.

Ni kwa sababu hiyo nimevutiwa na mtindo wa masomo unaopatikana nchini Chile, ambako mgeni anayejifunza Kihispania huweza kuyaunganisha masomo hayo na elimu ya mvinyo: darasa asubuhi, kisha safari za mabondeni kwenye mashamba ya mizabibu. Wapo watakaosema kwamba hiyo ni anasa ya vijana wa Ulaya na Marekani iliyovishwa joho la elimu. Kwa baadhi ya kozi hizo, wasemao hivyo wana haki. Hata hivyo, wazo lenyewe ni zito kuliko matangazo yanayoliuza, na nadhani linafaa kuchunguzwa na walimu wa lugha wa hapa kwetu, pamoja na wanafunzi wao wanaoota kwenda kusoma ng'ambo.

Wazo hilo si geni katika taaluma yetu. Mwaka wa 1923 Bronisław Malinowski, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Poland aliyekuwa ameishi katika Visiwa vya Trobriand, aliandika kwamba maneno ya wavuvi wa huko hayakuweza kueleweka na mtu asiyeiona kazi yenyewe ya uvuvi. Neno lilikuwa sehemu ya kazi, mfano wa kamba au kasia. Mwenye kukaa ufuoni na kamusi angepata tafsiri, lakini asingepata maana.

Basi na tuitazame kazi ya zabibu. Kihispania kina neno *cosecha* kwa mavuno ya kila namna, lakini mavuno ya zabibu yana jina lake peke yake, *vendimia*. Msomaji wa Kiswahili hawezi kushangazwa na jambo hili. Sisi huvuna mpunga, tukaangua nazi, tukachuma karafuu, tukang'oa muhogo, na anayesema “amevuna nazi” tunamjua mara moja kuwa mgeni. Mwanafunzi akiwa shambani mwezi wa Machi au Aprili, ambao ndio msimu wenyewe katika kusini ya dunia, hulisikia *vendimia* kutoka vinywani mwa watu wenye haraka, mikono yao ikinata utomvu wa matunda. Neno hilo halitamtoka tena. Vivyo hivyo kwa kishada, *racimo*, na kwa *mosto*, maji ya zabibu yaliyokamuliwa lakini hayajachacha. Aidha atajifunza sarufi pasipo kujua kuwa anajifunza. Wakulima wanaohofia mvua husema ni lazima zabibu zikatwe *antes de que llueva*, yaani kabla haijanyesha, na hapo kitenzi hubadili umbo na kuingia katika ile hali ya mashaka inayowatoa jasho wanafunzi darasani. Mwenye kuyatazama mawingu pamoja na mkulima ataelewa upesi ni kwa nini lugha imetenga umbo maalumu kwa jambo ambalo halijatokea.

Kisha lipo suala la kuonja, ambalo kwa mwanaisimu ni hazina. Mwonjaji hutakiwa kusema kitu kimefanana na nini, kinanukia nini, kimemkumbusha nini, na hakuna kitabu kinachoweza kumpa jibu. Wenyeji watasema *mora*, tunda ambalo wengi wetu hatujapata kulila. Mkenya na aseme ukwaju, zambarau au pilipili manga, halafu ahangaike kuwaeleza wenzake ukwaju ni kitu gani. Katika kuhangaika huko ndimo lugha inamokua. Tena mzungumzaji wa Kiswahili haendi mikono mitupu. Kuna ladha mbili ambazo wanafunzi wa mvinyo huzichanganya mara kwa mara: uchachu unaotiririsha mate, na ule ukavu unaoukwaruza ulimi. Aliyekulia pwani alizitenganisha tangu utotoni. Embe bichi lina ugwadu. Bibo la mkorosho lina ukakasi. Akiambiwa tu kuwa cha kwanza ni *acidez* na cha pili ni *astringencia*, amekwisha kuelewa.

Mara nyingi wanafunzi huniuliza kama Kihispania kitawawia kigumu. Huwajibu kwamba Mswahili amekwisha kutembea nusu ya njia. Irabu za Kihispania ni tano, nazo ni zile zile zetu. Neno letu mvinyo limetokana na *vinho* la Kireno, ndugu wa *vino* la Kihispania, likavishwa kiambishi na kuingia katika ukoo wa mti na mkate. Meza na bendera zilitufikia kwa njia hiyo hiyo ya Wareno, na Mhispania akisema *mesa* na *bandera* tunamwelewa bila mkalimani. Upande mwingine uko urithi wa Waarabu waliotawala sehemu za Uhispania kwa karne kadhaa: sukari yetu ni *azúcar* yao, na neno letu hata na *hasta* la Kihispania ni watoto wa neno moja la Kiarabu. Sijui mzaha gani wa historia ulio mtamu kuliko huo.

Pale ambapo Mkenya atakwama ni kwenye matamshi ya Chile yenyewe. Wachile huidhoofisha sauti ya *s* mwishoni mwa silabi mpaka ikabaki pumzi tu, hivi kwamba *las uvas maduras*, zabibu mbivu, husikika kama *lah uvah madurah*. Katika Kihispania *s* hiyo ndiyo inayobeba wingi. Kwetu wingi hukaa mbele ya neno, mzabibu na mizabibu, mahali ambapo hakuna awezaye kuumeza. Zaidi ya hayo, vijana wa huko hutumia *po* mwishoni mwa sentensi, huuliza *cachái* wakimaanisha umeelewa, na huita parachichi *palta* kwa neno la Kikechua. Andrés Bello, yule msomi mzaliwa wa Venezuela aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chile kilichoanzishwa mwaka wa 1842, na ambaye sarufi yake ya Kihispania iliyokusudiwa watu wa Amerika ilichapishwa Santiago mwaka wa 1847, aliwakemea Wachile kwa namna hizo za kuitana *vos* ambazo leo zimo katika *cachái*. Bello aliheshimiwa sana, lakini katika hilo hakusikilizwa.

Sasa nije kwenye kisa ambacho, kwa maoni yangu, kila mwalimu wa lugha angepaswa kukijua. Katikati ya karne ya 19 matajiri wa Chile waliagiza miche ya mizabibu kutoka Ufaransa. Baada ya muda si mrefu mdudu aitwaye filoksera aliyashambulia mashamba ya Ulaya na kuyateketeza, lakini Chile, iliyozingirwa na jangwa kaskazini, milima ya Andes mashariki na bahari magharibi, haikufikiwa. Aina moja ya mzabibu wa Bordeaux, Carmenère, ilidhaniwa kuwa karibu imetoweka duniani. Mnamo tarehe 24 Novemba 1994 mtaalamu wa Kifaransa, Jean-Michel Boursiquot, akilitembelea shamba la Viña Carmen katika bonde la Maipo, aliitazama mizabibu iliyoitwa Merlot na kutambua kwamba mingi haikuwa Merlot hata kidogo. Ilikuwa Carmenère, imesimama pale zaidi ya miaka 100 kwa jina la mwingine.

Kosa hilo la jina lilikuwa na gharama. Carmenère huiva wiki kadhaa baada ya Merlot. Kwa kuwa ziliitwa kitu kimoja, zilikatwa siku moja, na zabibu mbivu zikakamuliwa pamoja na zisizoiva, ndipo mvinyo ukawa na ladha ya pilipili hoho ambayo wanunuzi waliilalamikia. Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba watu wa mashambani hawakuwa vipofu. Walisema kuna “Merlot ya Chile”, yaani waliiona tofauti na wakaipachika kivumishi. Kilichokosekana ni jina kamili. Mwanafunzi akisimuliwa habari hii kwa Kihispania akiwa amesimama kati ya mistari miwili ya mizabibu, akaonyeshwa majani, amepata somo la uhusiano wa jina na kitu ambalo mimi huhitaji muhula mzima kulifundisha kwa ubao na chaki.

Najua kuna pingamizi, nalo si dogo. Mzazi atauliza: je, niuze ng'ombe ili mwanangu akafundishwe ulevi? Pombe imevunja nyumba nyingi katika nchi hii, na simlaumu anayeuliza. Ifahamike kwamba wataalamu wa kuonja hutema. Anayemeza kila alichoonja hafiki adhuhuri akiwa na akili ya kupambanua chochote. Lakini jibu hilo halimfai Mwislamu, wala Mkristo ambaye kanisa lake limemkataza kabisa. Kwa hao, Chile hiyo hiyo ina mashamba ya zabibu za kula katika mabonde ya Copiapó na Aconcagua, ambazo husafirishwa kwa meli hadi nchi za mbali. Mkasi ni ule ule, kishada ni kile kile, na Kihispania hakipungui hata neno moja isipokuwa yale ya pipa.

Pingamizi langu mimi ni jingine, na linahusu kozi zenyewe. Mwaka wa 1965, huko St. Lambert karibu na Montreal, watoto wa wazungumzaji wa Kiingereza walianza kufundishwa masomo yao kwa Kifaransa, na jaribio hilo likaenea Kanada nzima. Watafiti walikuta kwamba watoto wa mpango huo walikielewa Kifaransa vizuri ajabu, lakini walipozungumza na kuandika, makosa ya sarufi yalibaki hata baada ya miaka mingi. Merrill Swain alieleza mwaka wa 1985 kwamba kusikia peke yake hakutoshi. Mwanafunzi sharti alazimike kutoa kauli zake mwenyewe hadi zieleweke. Ipime sasa ziara ya kawaida ya shamba la mvinyo. Mwongozaji anazungumza, aghalabu kwa Kiingereza. Mgeni anatikisa kichwa, anapewa bilauri, anapiga picha, anarudi kwenye basi. Hata kama yote yangefanywa kwa Kihispania, huyo amekuwa msikilizaji tu. Amelipa ada ya lugha akapewa mandhari.

Wako watu wanaojifunza Kihispania na zabibu kwa pamoja bila kulipa ada yoyote. Katika miaka ya 2010 maelfu ya Wahaiti, wasemaji wa Krioli, walihamia Chile kutafuta riziki, na wengi wao wakaishia katika kazi za msimu mashambani. Hawakuwa na mwalimu. Neno la kwanza la lazima kwao huenda likawa *tijera*, mkasi, na la pili *a trato*, msemo wa Chile wa kazi inayolipwa kwa kadiri ya ulichokifanya, kreti kwa kreti. Asiyeuelewa msemo huo hupunjwa. Lugha ya namna hiyo hujifunzwa haraka kwa kuwa mshahara umefungwa ndani yake, ingawa hakuna chuo kinachoitolea cheti. Sisemi kuwa dhiki ni mwalimu mwema, maana sitamtakia mwanafunzi wangu maisha hayo. Nasema kwamba mwanafunzi aliyepelekwa Chile kwa fedha za wazazi, akakaa miezi mitatu asizungumze hata mara moja na mtu anayezikata hizo zabibu, amerudi na Kihispania cha upande mmoja.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja aliniletea vipeperushi vitatu vya kozi za Chile akitaka nimchagulie. Nilimshauri aulize mambo machache kabla ya kutazama bei. Kozi inaanza lini? Akifika Machi atakuta mavuno, na vyuo vikuu vya huko pia ndipo vinapofungua mwaka. Akifika Julai atakuta majira ya baridi na mizabibu mitupu ikipogolewa, jambo ambalo nalo ni somo, ila msamiati wake ni mwingine. Shambani atakuwa na kazi ya mikono au kiti? Jioni atalala kwa familia ya wenyeji au katika bweni la wageni wenzake? Vipeperushi viwili havikuwa na jibu hata kwa swali moja kati ya hayo. Cha tatu kilitaja wiki mbili za kukata zabibu katika bonde la Maule, kusini mwa Santiago, na kikaonya kwamba wanafunzi waje na viatu vigumu na kofia.

Hapa kwetu wageni humiminika kila mwaka pwani kujifunza Kiswahili, nasi huwakalisha darasani tukawafundisha kusalimu na kuagiza chai. Nimepata kumuuliza mwalimu mmoja wa kozi kama hizo kwa nini hawapeleki Kilifi wakamwone mgema akipanda mnazi na kotama yake, wakamuulize kwa nini anakata kileleni asubuhi na jioni, na tembo huchacha kwa muda gani. Alinijibu kwamba kotama haimo katika mtaala.